Kabla Mafuta Hayajapata Moto

"Ulimi wako uchunge leo, Sau-ying mwanangu. Mafuta yameshapata moto."

Mama yake Kam-fai aliniambia hivyo huku akitumbukiza donge la kwanza kwenye karai. Kwetu Shunde, kusini mwa China, siku ya kukaanga madonge ya ufuta ya Mwaka Mpya, hakuna kutamka balaa mbele ya mafuta. Usiseme kufa, usiseme kupasuka, usiseme kuachana. Ukiteleza, madonge hayavimbi na nyumba haipati heri mwaka mzima.

Mimi nilikuwa mchumba tu wa Kam-fai, harusi ikiwa imebaki siku kumi na mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa jikoni kwa mama yake. Nilikanda ule unga wa mchele unaonata, kwa maji moto ya sukari guru, mpaka viganja vikawaka.

Kam-fai alikuwa mlangoni akibandika karatasi nyekundu. Simu yake aliiacha mezani, karibu na sinia langu la ufuta. Ikawaka. Jina lilikuwa la Yuet-ngo, yule ambaye Kam-fai aliniapia kuwa ni mfanyakazi mwenzake, basi.

"Mpenzi, umeshamwambia Sau-ying kuhusu mtoto? Nimechoka kujificha."

Donge likabonyea mkononi mwangu.

"Kam-fai, njoo."

Akaja na gundi vidoleni.

"Mbona umepauka hivyo?"

Nilifungua mdomo, nikayaona mafuta yanachemka, nikameza nilichotaka kusema.

"Nakupongeza. Nasikia nyumba inaongezeka mtu."

Aliitazama simu. Rangi ikamtoka.

"Tuzungumze nje, Sau-ying."

"Nje kuna nini? Habari njema hizi. Mtoto azaliwe na afya. Na mama yake ana subira, siku zote hizo yumo mafichoni."

"Basi, umemaliza?"

"Bado. Nawatakia maisha marefu, nyote watatu."

Mama yake alikuwa akiyakandamiza madonge kwa mgongo wa upawa, maana bila kukandamizwa na kugeuzwa hayavimbi. Mkono wake ukasimama. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akainama akazima gesi.

"Mama! Kuzima moto si mkosi?" Kam-fai alimaka.

"Mkosi umeuleta wewe. Moto nimeuzima. Sau-ying, sasa sema unavyotaka."

Nikamgeukia Kam-fai.

"Umenidanganya, Kam-fai. Umeniacha nakanda unga wa mama yako huku mwenzangu ana mimba yako. Sikutaki. Tumeachana."

"Nilitaka kukwambia sikukuu ikipita..."

"Sikukuu ikipita, au harusi ikipita?"

Ndani ya karai madonge yalikuwa yamenywea, yamelala kwenye mafuta kama kokoto.

Nilianza kunawa mikono. Mama yake akauchukua unga uliobaki, akaufunga kwa kitambaa kibichi, akanipakatisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umeukanda wewe. Nenda ukakaange kwenu."

Njiani nilimpigia mama yangu mzazi.

"Mama, umeshawasha moto?"

"Bado, ndiyo nautafuta ufuta. Kwani wewe leo hukaangi kwa mkweo?"

Nilikaza meno nisilie barabarani. Unga bado ulikuwa na joto kifuani mwangu.

"Nakuja na unga. Lakini usiwashe moto, Mama. Nina maneno ya kukwambia kwanza."