Sahani ya Mama Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kushika mkoba wa shule, Sindano alitunga uzi kwenye cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa wembamba wake na kwa macho yake makali. Mama alikuwa fundi wa nguo anayesifika mtaa mzima; sare za nusu ya darasa la Sindano zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alikuwa pia mnene sana. Magoti yalimuuma, kisukari kilimsumbua, na kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni ilimbidi apumzike njiani.

Zamani Sindano hakulijali jambo hilo. Lakini siku ya wazazi shuleni, kiti cha plastiki kilivunjika na mama akaanguka mbele ya watu wote. Walimu walikimbia kumwinua. Nyuma, wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu, na msichana mmoja akasema, "Lile si gauni, ni turubai!" Kuanzia siku hiyo mama akaitwa Mama Turubai. Na Sindano je? Aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu, mpaka mama alipokwisha kuinuliwa na watu wengine.

Baadaye daktari alimshauri mama afanyiwe upasuaji. Sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula ingeondolewa, kibaki kifuko chembamba kama ndizi, ili ashibe kwa chakula kidogo na kisukari kipungue. Kabla ya siku hiyo alitakiwa kunywa vitu vya majimaji tu, ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Mama alivumilia. Wenzake walipoketi kula, yeye alijitia kushona vifungo.

Jioni moja Sindano alimwambia, huku akitazama sakafu, "Mama, watu wakiuliza unatibiwa nini, tusiwaambie."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Watanicheka. Watasema umeshindwa kufunga mdomo mpaka ukakatwa tumbo."

Mama aliacha kushona. Maneno yale yalimchoma, lakini hakugomba. "Haya," alisema. "Tutasema nina uvimbe." Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikubali kwa shingo upande, kisha akaenda zake safari.

Upasuaji ulikwenda salama. Muuguzi aliwaonya kwamba mshono wa ndani bado ni mbichi: mama anywe supu iliyochujwa, kijiko kimoja kimoja, na kitu kigumu kisipite kooni mpaka aruhusiwe. Waliporudi nyumbani, Sindano alishika kazi ya kuchuja supu, na alikuwa akimshika mama mkono walipozunguka chumbani kunyoosha miguu.

Hapo ndipo alipofika mama mkubwa, dada yake mama, mpishi wa hoteli, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na kifuniko. Alikuja na sufuria ya wali na nyama.

"Mdogo wangu, utapeperushwa na upepo!" alisema, akimwaga supu ya Sindano kwenye karo. "Uvimbe si umeshatoka? Mgonjwa hapewi maji ya kusuuzia vyombo."

"Dada, sina hamu."

"Hamu inakuja ukila. Au siku hizi chakula changu kinanuka?"

Mama alimtazama Sindano. Sindano alielewa: mama alikuwa anamwomba ruhusa ya kusema kweli. Neno moja tu lingetosha. Lakini aliwaza kwamba mama mkubwa akijua, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama. Akatazama sakafu.

Mama akachukua kipande cha nyama kwenye sahani aliyopakuliwa na dada yake, akatafuna, akameza. Akachukua cha pili. Ghafla jasho likamtoka, akashika kifua, akaanza kutapika.

"Nimekosea nini?" mama mkubwa alipiga kelele. "Ni chumvi?"

"Hakuwa na uvimbe!" Sindano alilia. "Amepunguzwa mfuko wa chakula, haruhusiwi kula nyama! Mimi ndiye niliyemwambia afiche! Nilimwonea aibu mama yangu!"

Mama mkubwa hakuuliza la pili. Alitoka mbio kutafuta teksi.

Hospitalini daktari alimpima mama kwa muda mrefu. Kwa bahati njema mshono haukuwa umefumuka, ila alilazwa ili aangaliwe. Sindano alisogea kitandani, uso wake ukiwaka kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Hata siku ile ya kiti nilikuona. Sikuja."

"Najua," mama alisema taratibu. "Nilikuona unafunga kamba. Viatu vyako havina kamba, mwanangu."

Sindano alilaza kichwa mkononi mwa mama, akalia sana. Mama akampapasa nywele.

Wiki kadhaa baadaye mama alirudi kwenye cherehani, akalipunguza lile gauni kubwa ambalo sasa lilimpwaya. Yule msichana wa turubai alileta sare yake ishonwe pindo.

"Kwani mama yako aliumwa nini?" alimnong'oneza Sindano.

Sindano alitazama sakafu. Kisha akasema, bila kunong'ona, "Ana kisukari. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula."

Msichana hakucheka. Alisimama akichezea kifungo cha sare. "Bibi yangu naye ana kisukari," alisema. "Inauma?"

"Muulize mwenyewe," alijibu Sindano, akamsogezea kiti karibu na mama.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni, safari hii ameshika chujio badala ya sufuria. Msichana alipoondoka, alimvuta Sindano karibu. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mdomo wangu ni mrefu, nakiri, ndiyo maana mliniogopa. Lakini shika hili, mwanangu: kicheko cha watu kinauma, ila hakiui. Sahani yangu ndiyo ilitaka kumuua mama yako, nami nilimpakulia kwa mapenzi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kweli."

"Nimesikia, mama mkubwa," alisema Sindano. Akachukua chujio, akaenda kumtengenezea mama yake supu.