Moto Kwenye Kaburi la Bibi Salsabil

"Hashil, weka kiberiti chini!"

"Mama Hope, hili kaburi la bibi yangu. Wewe yanakuhusu nini?"

"Nyumba yangu ile pale! Huoni upepo unakuja kwangu?"

Mama Hope alikuwa amemfuata jirani yake Hashil mpaka ndani ya hifadhi ya msitu. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, Hashil hupenya uzio kwa siri. Huchoma nyasi ili kaburi lionekane. Aliogopa kuomba ruhusa. Mtaani Gongo la Mboto walisema watu wa hifadhi wanabomoa makaburi.

"Mie nilikuwaga nachoma hapa hujahamia," alijibu. Akawasha.

Nyasi zilikuwa kavu. Moto ukaruka, ukashika kichaka, ukaelekea nyumbani kwa Mama Hope.

"Mwanangu kalala ndani! Jamani, moto!"

Hashil alivua kanzu, akaupiga moto nayo. Majirani walikuja mbio na ndoo na matawi mabichi. Moto ulizimwa hatua tatu tu kutoka ukutani.

Margareta, askari wa hifadhi, akafika. Hashil alikuwa na fulana tu, mweusi kwa moshi.

"Nikamate, dada. Ila kaburi msilibomoe."

"Nani kakwambia tunabomoa?" Margareta alikunjua ramani. "Hapa palikuwa shamba la mkonge la Mgiriki. Alipoondoka, miti ikaota yenyewe. Chemchemi ikarudi. Visima vyenu vinapata maji humo. Ndiyo maana wazee wa mtaa waliomba pawe hifadhi. Na makaburi ya wafanyakazi wa shamba wakayaonyesha yote, yako humu kwenye ramani. Soma."

Hashil akasoma jina la bibi yake: Salsabil binti Mazin.

"Kuzuru ruksa. Pita getini, andika jina, ufyeke kwa mkono. Ukichoma, unaua miche ya miti. Nyasi zinarudi nyingi zaidi, kwa sababu hakuna kivuli. Leo nakuandikia onyo. Na hapa ulipounguza, utapanda miti."

Ijumaa iliyofuata, mfungo bado haujaanza, Hashil alipita getini na fyekeo. Alifyeka, akapanda miche kumi, akasoma dua bila kuangalia nyuma. Kaburi lilionekana tokea njiani.

Wakati wa kurudi, aliinamisha kichwa akipita kwa Mama Hope.

"We mchoma misitu! Unapita kama hunijui?" Mama Hope alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Ingia, ndizi zinapoa. Na kuku kachinja Mwishehe wa msikitini kwenu, usinitafutie sababu."