Redio ya Mawe Manne

Nyumba ya Akeno iko Kanamkemer, nje kidogo ya mji wa Lodwar. Asubuhi Akeno huteka maji, hukamua mbuzi, kisha huketi mlangoni kusuka vikapu vya majani ya mikoma. Ndani hukaa mama mkwe wake, Nabei, akimlea mjukuu. Mtoto anaitwa Emuria, jina la babu yake. Babu mwenyewe alifariki kiangazi kilichopita, na kaburi lake la mawe linaonekana kutoka mlangoni.

Mzee huyo aliacha redio. Alipokuwa hai, kila adhuhuri aliiweka karibu na sikio akasikiliza habari kutoka Nairobi. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alipofariki, mawe ya redio nayo yakaisha. Mawe ni zile betri ndogo za kutia kwenye tochi, na redio hiyo ilitumia mawe manne.

Mumewe Akeno, Lokeno, ni utingo wa lori la Kakuma. Siku moja alirudi na betri kuukuu ya lori.

"Mawe yanaisha haraka," alisema. "Hii itakaa."

"Haina nguvu nyingi sana?" Akeno aliuliza.

"Wewe nawe! Redio inakula mawe manne. Hii ni moja. Moja itashinda manne?"

Ni hesabu nzuri sana kama unahesabu mbuzi. Lokeno aliunganisha betri na redio kwa nyaya mbili zisizo na ganda, akaiweka betri juu ya mkeka, na kesho yake akaondoka tena na lori. Akeno alifungua redio. Ilikwaruza kidogo, ikanyamaza. Akaiacha hivyo hivyo, bila kuizima.

Adhuhuri upepo ukavuma. Mchanga ukapiga ukuta. Mbuzi wakasimama kimya, wote wakitazama upande mmoja. Ndipo redio ikaongea, na hakuna aliyeigusa.

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyekabwa koo. Ilisema maneno machache, ikakatika. Akeno aliacha kikapu, akachungulia ndani.

"Umesikia?" Nabei alinong'ona. "Ni saa yake ile ile. Mzee amerudi."

Tangu hapo upepo wa adhuhuri ukivuma, redio iliongea. Ukitulia, ilinyamaza. Mgongo wake ulikuwa moto kama jiwe lililoanikwa juani. Akeno alitaka kuitupa nje, lakini aliogopa kuishika. Nabei hakuogopa. Aliinyunyizia tumbaku, sadaka ya mzee. Kisha akaanza kumlaza mtoto pale pale kwenye mkeka, kando ya betri.

"Mama, mtoto asilale hapo," Akeno alimsihi.

"Hii mtoto iko na jina yake. Wacha babu ione yeye."

Kila siku Akeno alimwondoa mtoto. Kila siku Nabei alimrudisha. Mkwe hagombani na mama mkwe, lakini mchana kutwa Akeno alikuwa akigeuka kutazama mkeka.

Adhuhuri moja upepo ulikuja na nguvu. Redio ikaguta, ikanyamaza. Akeno alisikia mlio mdogo, kisha akanusa moshi. Alipogeuka, nyaya mbili zilikuwa zimegusana. Zilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Mkeka ulikuwa unawaka karibu na miguu ya mtoto.

Akeno alimnyakua mwanawe akapiga ukelele.

Jirani yao Jeptoo alikuja mbio. Kazi yake ni kuongea kwa redio kol, ile simu ya upepo, katika ofisi moja mjini, na siku hiyo alikuwa nyumbani.

"Msiguse hizo nyaya!" alisema. "Wala msimwage maji. Nipe kijiti kikavu."

Kwa kijiti alivuta waya mmoja ukaachana na betri. Kisha akamwaga mchanga juu ya mkeka mpaka moshi ukaisha. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu, na hakuna aliyewahi kufurahia kilio kama Akeno siku ile.

"Mzee amekasirika," Nabei alisema.

Jeptoo alimshika mkono. "Ejok, mama, ni salama. Keti. Hebu tazama hapa. Kila jiwe la redio lina volti moja na nusu. Volti ndiyo nguvu inayosukuma umeme. Mawe manne ni volti ngapi?"

"Sita," Akeno alisema.

"Haya, hesabu vifuniko vya betri hii."

Akeno alihesabu. Vilikuwa sita.

"Chini ya kila kifuniko kuna chumba, na kila chumba kina volti mbili. Jumla kumi na mbili. Mume wako aliona betri moja, kumbe ni sawa na mawe manane! Redio imelishwa mara mbili ya chakula chake. Ndiyo sababu ilipata moto na sauti ikaharibika, ikawa nzito."

"Na kuongea yenyewe?"

"Haikuzimwa. Waya ulikuwa umelegea. Upepo ukiutikisa, unagusa, redio inaongea. Na huo upepo wenu unakuja saa ya habari."

Lokeno aliporudi, alisikiliza kichwa chini. Alipeleka betri ya lori kwa Mureithi, fundi wa pikipiki, akabadilishana naye. Alirudi na betri ya pikipiki, ya volti sita. Jeptoo alimwelekeza. Kwanza, redio izimwe. Waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa, pande zote mbili. Karibu na betri waliweka fyuzi, waya mwembamba unaokatika kabla nyaya kubwa hazijapata moto. Viungo vyote vilifungwa tepu. Betri ilikaa ndani ya sanduku la mbao, nje ya ukuta, penye kivuli na hewa, maana ina asidi inayochoma na hewa inayoweza kulipuka.

Akeno alifungua redio. Msomaji wa habari alisikika vizuri, sauti nyepesi ya kijana. Mgongo wa redio ulibaki baridi. Upepo ulivuma, na redio haikukatika. Mtoto alikuwa amelala mbali, upande wa mama yake.

Nabei alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta Jeptoo nguo.

"Binti yangu, legeza waya kidogo. Mzee aongee mara moja tu."

Jeptoo aliweka tepu chini. Akeno ndiye aliyemkumbatia mama mkwe wake, na wote wawili wakalia.

Baadaye Nabei alitoa katika kopo lake la tumbaku yale mawe manne yaliyokufa, aliyoyatunza tangu mzee afariki. Akaenda nayo polepole hadi kaburini, akayafukia chini kabisa, mtoto asiyafikie. Juu yake akarudishia mawe ya kaburi la mzee, moja moja, kisha akarudi nyumbani kumbeba mjukuu wake.