Kivuli cha Loro

Kwaru, kwaru, kwaru. Mtaa wa Kator, mjini Juba, ulikuwa bado gizani, na sauti hiyo ilisikika kwanza: ufagio ukikwangua ardhi kavu.

Rebecca alikuwa akifagia kaburi. Mwanawe wa kwanza, Loro, alizikwa pembeni mwa hosh, yaani ua wa nyumba yao. Kila alfajiri Rebecca alifagia hapo mpaka hata jani moja lisionekane. Kisha alimimina kikombe cha maji kwenye shina la mti mchanga uliokuwa kando ya kaburi, akaondoka upesi. Jua likishapanda, pale palikuwa kama kikaango.

Alitaka kitu kimoja tu: kivuli, ili aweze kukaa na mwanawe. Lakini mti wa kwanza, wa maua kama ile miti ya hoteli za mtaa wa Thongpiny, ulikauka. Mparachichi ulioufuata nao ukakauka. Sasa huu mwingine ulikuwa ukipukutisha majani. Wanawake bombani walianza kunong'ona kwamba mtoto anaukataa mti wa mama yake. Maneno hayo yalimchoma Rebecca kuliko jua.

Mumewe, Cirillo, alisema afadhali wamwage saruji pale, yaishe. Rebecca alikwenda kwa jirani yao Josline, mama kutoka Uganda anayeotesha miche ya kuuza, akamwomba aje atazame.

Josline alichuchumaa, akachimba kwa kidole. Juu udongo ulikuwa na unyevu kidogo. Chini ulikuwa mkavu kama tofali. Mizizi myembamba ilikuwa imetokeza nje, imechubuliwa na ufagio.

"Mama Loro," alisema taratibu. Rebecca alishtuka. Tangu mazishi, watu walikuwa wameacha kumwita hivyo. "Nani alikuambia mtoto anakataa?"

"Watu wanasema."

"Basi hao watu hawajachimba. Wewe unanyoa hii ardhi kila siku kama kichwa ya askari. Mizizi itajifunika nini? Na hii kikombe yako, maji yake inaishia juu. Mizizi inabaki juu kuingoja, na jua inaikuta hapo hapo."

Rebecca aliketi chini. "Kumbe ni mimi niliyeiua."

"Malesh, pole dada. Ulifanya kwa kupenda. Sasa tufanye kwa kujua."

Josline alieleza kwamba mti wa hotelini una mtu wa kuunywesha kutwa. Wa nyumbani uwe ule unaovumilia kiangazi. Kuna mkwaju, ambao watu wa Juba huuita aradeb; huo huishi kupita wajukuu, ila hukua polepole. Mwarobaini hukua haraka. Rebecca alichagua mwarobaini.

Mvua zilipoanza, ule mti wa tatu ukiwa umeshakauka, waliupanda mwarobaini upande wa magharibi wa kaburi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalochoma. Waliuweka mbali kidogo na kaburi na ukuta, mizizi ipate nafasi. Kiangazi kilipofika, Rebecca aliumwagilia ndoo nzima, polepole, mara mbili kwa wiki, ili maji yazame na kuivuta mizizi chini. Maji ya sabuni, yanayodhuru mizizi, aliyamwaga kwingine. Ufagio aliuweka mbali, akatandaza nyasi kavu na majani kuuzunguka mti, bila kugusa shina lisije likaoza.

Cirillo alipoyaona majani yale alikasirika. "Watu watasema kaburi ya mwanangu ni jalala."

"Walisema pia mtoto anatukataa," Rebecca alimjibu. "Wewe uliamini?"

Kesho yake Cirillo alirudi na mzigo wa fito, akauzungushia mti uzio ili mbuzi wasiule. Habari ya saruji hakuitaja tena.

Miaka ilipita. Kiangazi kimoja, alasiri, kivuli cha mwarobaini kilifika kaburini, kikalifunika lote. Wanawake wawili wa bombani walikuwa wameshakwenda kwa Josline kutafuta miche. Rebecca alitandika mkeka, akakaa, akaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa baridi.

"Loro," alisema kwa sauti, Cirillo akiwa amesimama nyuma yake. "Nilikuwa nakuacha peke yako na hili jua. Sitakuacha tena. Kila alasiri mama yako atakuja kukaa na wewe."