Sufuria za Pilau Bwawani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nakinga ndoo mbili za maji bombani, nyumbani kwetu Makorora. Maji yakikatika mtaa mzima unanuna, na mimi ndiye kinara wa kununa.

Jumamosi moja darasa letu lilikwenda kutembelea bwawa linaloleta maji hayo mjini. Wenzangu walitaka kuona ndege na mamba. Mimi nilitaka boti tu. Bibi yangu alizaliwa katika bonde lililofunikwa na bwawa hilo, na mlinzi, Bwana Badru, aliahidi kutupitisha kwa boti palipokuwa na mashamba ya kina bibi.

Tulipomaliza kula pilau, Mwalimu Hosea alitazama saa.

"Mboni, Najat, osheni sufuria pale ukingoni, upesi. Asiyemaliza hapandi boti."

Najat akachovya yake, akamwaga sabuni ya unga. Mafuta yakaanza kuelea. Mimi nikaikumbatia yangu, masizi na yote.

"Samahani, Mwalimu. Hapa sioshi. Haya ndiyo maji tunayokunywa."

"Yanasafishwa kwanza. Usinicheleweshe."

"Hata kama yanasafishwa, tusiyachafue makusudi. Kama ni boti, niacheni."

Wenzangu wakaguna. Najat akaninong'oneza, "Unajifanya nani wewe?"

Moyo uliniuma, maana boti niliitaka kuliko wote. Nikachota maji kwa ndoo, nikapanda nayo hadi kwenye nyasi, mbali na ukingo, nikaanza kusugua.

Bwana Badru akaja na majaketi ya kuokolea.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti." Akamgeukia Mwalimu. "Afanyavyo huyu ndivyo sheria ya hapa inavyotaka. Nilipaswa kuwaambia mapema. Haya, twendeni, muda umebaki wa safari moja tu."

Mwalimu akaitoa sufuria ya Najat majini.

"Nilikuwa na haraka, nikakosea," alituambia. "Mboni amelikataa kosa langu bila kunivunjia heshima, tena akijua atakosa boti. Mkubwa akiwaagiza jambo litakalodhuru watu, mwambieni kwa adabu, wala msilifanye."

"Na sufuria je?" Najat akauliza. "Nani atabaki kuziosha?"

Mwalimu akanivisha jaketi lake la kuokolea, akachukua dodoki mkononi mwangu.

"Aliyekosea," akasema.

Boti ilipoondoka, alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi, anasugua.