Lesi ya Hedviga

Soko la Krismasi lilikuwa limefurika watu, kila mmoja na kikombe chake cha mvinyo moto, barabara kuu nzima ya mji wa Košice. Zora, koti jekundu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, alikuwa amebeba sinia la biskuti za asali za kuuza. Kiwiko cha kijana mmoja kikalipiga. Biskuti zote zikaishia kwenye theluji.

"Dada, nisamehe! Nitazinunua zote."

"Hata zilizokanyagwa?"

"Hizo ndizo tamu zaidi," akasema yule kijana, akatupia moja mdomoni.

Aliitwa Cyril, fundi wa lifti. Mwaka mzima hawakulala bila kupigiana simu.

"Umekula?" Cyril angeuliza.

"Nimekula."

"Muongo! Tumbo lako nalisikia hadi huku."

Majilio yaliyofuata, zile wiki za kungoja Krismasi, Cyril alimpeleka kwa mama yake, Hedviga. Mama huyo alipamba biskuti kwa rojo la sukari na ute wa yai, mstari mwembamba kama uzi, akifuma lesi ya maua ya petali tano, ua moja limefumba.

"Lesi hii nilimbunia binti yangu Agáta," akasema. "Alifariki ana miaka sita. Sijamfundisha mtu. Haya, shika mfuko wa rojo, mwanangu."

Wiki iliyofuata Zora aliingia shindano la kupamba biskuti sokoni. Alikusudia kuchora nyota. Nyota zikaonekana za kawaida mno, akachora lesi ya Hedviga. Akashinda. Mwandishi wa gazeti alipomuuliza urembo ule umetoka wapi, alijibu maneno mawili tu: "Nimeubuni mwenyewe."

Asubuhi simu ikalia.

"Umeona gazeti?" Sauti ya Cyril ilikuwa kavu.

"Nimeona."

"Mama naye ameona. Amekusanya biskuti zote akazifungia kabatini."

"Cyril, mpenzi..."

"Leo usiniite mpenzi."

Siku nne hakupiga tena. Aibu ilimchoma Zora kama mwiba. Kila mteja aliyempongeza aliusukuma ndani zaidi. Siku ya tano, mchana kweupe, akaomba kipaza sauti pale sokoni.

"Lesi ile si yangu. Ni ya Bi Hedviga. Nilidanganya."

Mtu mmoja akamzomea. Zora akarudisha kikombe cha ushindi, akaenda moja kwa moja kwa Hedviga. Cyril ndiye aliyefungua mlango.

"Mama, amekuja mwizi."

"Mwizi ana jina. Aingie, afute viatu."

"Mama, nisamehe," Zora akasema, machozi yakimtoka.

"Bado." Hedviga alikuwa akitoa trei kwenye oveni. "Ungeniomba, ningekupa. Sasa kila nikichora ua lile nakukumbuka wewe, simkumbuki Agáta."

Zora akakaa mezani. Hedviga akamsukumia trei na mfuko wa rojo.

"Hizi hazijapambwa. Chora cha kwako."

Zora akachora, mistari ikaenda upogo. Cyril akaketi kando yake, akamwegemezea bega.

"Huyu ni kondoo?"

"Malaika."

"Basi nitamuoa mchora kondoo, kama atanikubali."

Zora hakumtazama yeye. Alimtazama Hedviga.

"Mjibu mwanangu," mama akasema, bila kugeuka. "Msamaha wangu utachelewa, lakini utafika."