Mawe ya Upande wa Magharibi

Kila asubuhi Rannvá alianza na kazi zilezile: kuwasha jiko, kuchemsha kahawa, kukata mkate, kisha kunyamaza redio ikifika kwenye hali ya hewa. Katika mji wa Tangavík, kwenye Visiwa vya Faroe, unaweza kupiga soga wakati wa habari za siasa. Wakati wa habari za upepo, hufungui mdomo.

"Upepo wa magharibi," redio ikasema. "Utaongezeka nguvu kuanzia jioni."

"Jioni ya redio ni mchana wa kwetu," alisema Bibi Sunneva, bila kuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiifuma.

Mama yake Rannvá, Bergfríð, alikuwa akinywa kahawa amesimama. Wiki hiyo hakuwa na muda wa kuketi, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ikibadilishwa paa. Paa la zamani lilikuwa limeanza kuvuja. Majirani walikuja wakalibandua lote, mapande ya udongo wenye nyasi yaliyokaa juu ya nyumba ile miaka arobaini. Upande wa mashariki ulishapata mapande mapya. Upande wa magharibi, unaotazama bahari, ulikuwa na mbao tupu na karatasi nene ya lami.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Paa la nyasi hushikiliwa na uzito wake. Likivuliwa nyasi, huwa jepesi kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo Mama na majirani walikuwa wametandaza kamba sita juu ya paa. Kila kamba ilifungwa kwenye pete ya chuma upande wa mashariki, na mwisho wake wa magharibi ukafungwa jiwe kubwa lililoning'inia ukutani na kuivuta kamba chini.

"Rannvá," Mama alisema, "nenda nyuma ukaangalie mawe yote sita. Tumia mkono, si macho. Pitisha kiganja chini ya kila jiwe. Kamba ni mpya, zinarefuka. Jiwe likigusa ardhi limelala, halivuti kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mteremko wa matope na miiba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Rannvá alikuwa bado kwenye kona akitafuta pa kukanyaga aliposikia sauti getini.

"We Rannvá!" Alikuwa Durita, nahodha wa mashua ya wasichana. "Unakuja kupiga kasia au leo unachunga mawe? Mashindano ni Jumamosi, bibie, si mwakani!"

Rannvá alichungulia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mawe yote yalikuwepo. Nyasi ndefu zilificha sehemu ya chini, lakini kwa mbali yalionekana sawa tu. Akageuka.

"Umeyaangalia?" Mama alimuuliza mlangoni.

"Ndiyo, Mama. Yote yananing'inia."

"Vizuri. Basi mimi na jirani yetu Mzee Tummas tunapanda mlimani na trekta kuchukua mapande yaliyobaki. Bibi yako atabaki chumbani kwake."

Chumba cha Bibi kilikuwa juu, upande wa magharibi. Mguu wake mbovu haukupenda ngazi, na akishapanda hakushuka hadi wakati wa chakula.

Mashua ilitoka bandarini na wasichana sita wakivuta kwa pamoja. Mpiga makasia huketi akiutazama mji anaouacha. Nahodha peke yake ndiye anayetazama mbele. Kwa hiyo Rannvá aliiona nyumba yao ikizidi kuwa ndogo, na paa lake jeusi upande mmoja.

Jambo la kwanza aliloona ni kondoo. Walikuwa wameshuka kutoka mlimani, wote, wamejibana nyuma ya kuta za mawe. Kisha akagundua kwamba hakusikia ndege. Asubuhi walikuwa wakipiga kelele kwenye majabali, na sasa hapakuwa na hata mmoja. Bahari ilikuwa na rangi ya risasi. Mawimbi yalipita chini ya mashua bila kuvunjika, marefu, kimya.

"Vuta! Vuta! Marin, hilo ni kasia, si kijiko cha uji!" Durita alipiga kelele.

Ndipo Rannvá akaona ukingo wa paa lao ukiinuka. Uliinuka kidogo tu, ukatulia. Ukainuka tena.

Alijiambia ni karatasi ya lami peke yake. Alijiambia kwamba Mama angeona. Lakini Mama alikuwa mlimani. Akavuta kasia mara mbili zaidi, na mara zote mbili paa liliinuka, na mara ya pili lilichelewa kushuka.

"Durita, turudi."

"Turudi kwa nini? Umeona wimbi ukakumbuka kunyonya?"

Wasichana wakacheka. Uso wa Rannvá ukawaka moto, lakini hakunyamaza.

"Nilitumwa kuangalia mawe ya paa, sikuyaangalia. Nilimdanganya Mama. Bibi yuko juu, na paa linainuka."

Hakuna aliyecheka tena. Durita aligeuza shingo, akaitazama nyumba ile mara moja.

"Geuzeni mashua," alisema. "Na mvute kama watu."

Walipofika nchi kavu, upepo ulikuwa umeshaanza kuvuma kwa vipindi. Trekta ilikuwa inashuka mlimani na Rannvá akaikimbilia.

"Mama! Sikupitisha kiganja! Niliyaangalia kwa mbali tu!"

Mama aliruka chini. Hakupiga kelele.

"Mangapi yamelala?"

"Sijui. Sikugusa hata moja."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza la kweli leo. Durita, wawili mkamshushe Bibi. Waliobaki, nyuma ya nyumba!"

Mawe manne kati ya sita yalikuwa yamekaa kwenye matope kama kuku wanaolalia mayai. Kamba zake zilikuwa zimelegea kabisa. Wasichana wawili waliinua jiwe, Mzee Tummas akafupisha kamba, Mama akafunga fundo, wakahamia jingine. Rannvá aliinua kila jiwe bila kupokezana na mtu. Juu yao mbao zililalamika. Wakiwa kwenye jiwe la tatu, ubao mmoja uling'oka ukapita juu ya vichwa vyao, ukavunjika vipande kwenye ukuta wa shamba. Wakafunga la tatu, wakafunga la nne.

Mlangoni Bibi alikuwa akigomba.

"Mnanibeba kama gunia la viazi! Na soksi nimeiacha juu, imebaki kisigino tu!"

"Soksi itangoja, Bibi," alisema Durita, akihema.

Dhoruba kamili ilifika saa nane mchana. Walikuwa wote jikoni, wamelowa, wakila nyama ya kondoo iliyokaushwa na viazi, na Mzee Tummas akiitazama dari kila anapotafuna. Nyumba ilitetemeka. Kisha kutoka nje, upande wa magharibi, ikasikika sauti nzito: gu. Gu. Gu.

Rannvá aliacha kula. "Ni nini hicho?"

"Mawe yanagonga ukuta," alisema Mama. "Jiwe linalogonga linaning'inia. Ukisikia kimya ndipo uogope."

Paa lilikaa. Kufikia saa kumi na moja upepo ulikuwa umepungua, na majirani wakaenda kutazama mapaa yao. Mama alimgeukia binti yake, na Rannvá akainamisha kichwa.

"Niangalie. Ungeniambia, 'Mama, sijaangalia, nimechelewa mazoezi,' ningekukaripia, kisha ningeenda mwenyewe. Dakika tano. Makaripio hayajawahi kung'oa paa la mtu. Lakini uliniambia yananing'inia, nami nikaliamini neno lako, nikamwacha mama yangu mzazi chini ya zile mbao. Kazi usipoifanya, sema hujaifanya. Mtu akijua, atapata nafasi ya kuifanya. Ukimdanganya, umemnyang'anya nafasi hiyo."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ulisema kweli mbele ya wenzako, na ulisema mapema. Sasa vaa koti. Kamba zimevutwa mchana kutwa."

Rannvá alishuka kwenye matope na miiba. Akapiga magoti penye kila jiwe, akapitisha kiganja chini yake, polepole, hadi la sita. Aliporudi mkono ulikuwa umechubuka na kujaa tope.

"Matano yananing'inia," alisema. "La mwisho limegusa ardhi."

Mama alikitazama kile kiganja. Kisha akachukua kamba, wakatoka pamoja.